Kabla ya kumwambia mtu "acha": namna ya kuchambua tendo na kujenga mbadala wake katika unasihi

Mtu anapofika kwa mnasihi kwa sababu ya pombe, kamari ya mechi, kupiga watoto au kujikata, huwa ameshaambiwa "acha" na kila mtu. Ameambiwa na mama yake, na shehe au mchungaji, na mke, pengine hata na mjumbe wa shina. Na aliacha kweli, tena zaidi ya mara moja, kisha akarudi. Mwongozo huu ni wa wanasihi, maofisa ustawi wa jamii, wauguzi wa afya ya akili na yeyote anayeketi na watu hawa kazini kwake. Unashikilia jambo moja: tendo linalomsumbua mtu lipo kwa sababu linamfanyia kazi fulani, na halimtoki mpaka apate tendo jingine linaloiweza kazi hiyohiyo.

Wazo hili si langu. Mwaka 1974 Israel Goldiamond, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliandika akiwataka wenzake waelekeze tiba kwenye kujenga badala ya kuondoa. Mwaka 1985 watafiti Edward Carr na Mark Durand walionyesha jambo hilo kwa watoto wenye ulemavu wa ukuaji waliokuwa wakifanya fujo darasani. Baadhi walifanya fujo kazi ilipokuwa ngumu, wengine mwalimu alipoacha kuwaangalia. Wa kundi la kwanza walifundishwa kuomba msaada, wa kundi la pili wakafundishwa kuuliza kama kazi yao ni nzuri. Fujo zikashuka. Lakini mtoto aliyepewa sentensi isiyolingana na haja yake hakubadilika. Hapo ndipo kazi yetu yote ilipo.

Nitatumia habari ya dereva mmoja wa bodaboda wa Dar es Salaam. Nimechanganya humo mambo ya madereva kadhaa ili asitambulike mtu, ila mtiririko wake ndio ninaokutana nao kila mwaka.

Hatua ya kwanza: taja tendo, usimtaje mtu

Lugha yetu ina mtego hapa. Neno "tabia" linabeba mambo mawili kwa pamoja: kile mtu anachokifanya, na jinsi mtu alivyo. Ukimwambia mteja "tuzungumzie tabia yako", anasikia "tuzungumzie ubaya wako", na anafunga mlango. Siku hizi nasema "tendo" au "kile kinachotokea". Ni badiliko dogo, lakini nimeona mabega ya watu yakishuka kwa sababu yake.

Dereva wangu aliletwa na mkewe kama "mlevi". Ulevi hauwezi kuhesabiwa. Tulipoliweka sawa likawa hivi: "Jioni, kabla ya kufika nyumbani, naizima simu, naingia grosari, nakunywa kichupa kimoja au viwili." Tendo la namna hiyo hata jirani angeweza kulishuhudia na kulieleza.

Pima pia lengo. Ogden Lindsley, aliyekuwa mwanafunzi wa mwanasaikolojia wa tabia B. F. Skinner, alituachia kipimo ninachokitumia kila wiki: jambo ambalo maiti analiweza si tendo. Kutokunywa, maiti anaweza. Kutofoka, kutopiga, kutobeti, yote maiti anaweza. Kwa hiyo lengo la mteja lisibaki "nisinywe". Lazima liwe kitu ambacho mtu aliye hai anakifanya kwa mikono, miguu au mdomo wake, na mnakitafuta pamoja katika hatua zinazofuata.

Hatua ya pili: hesabu kabla hujagusa chochote

Wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Mwombe aandike tu. Usimpe fomu ya kurasa nne. Tumia kitu anachotembea nacho tayari. Dereva huyu alikuwa na daftari dogo la kuandikia mafuta na hesabu, yaani ile pesa ambayo dereva wa mkataba humpelekea bosi mwenye pikipiki kila siku, mpaka pikipiki iwe yake. Yake ilikuwa shilingi 10,000. Tuliongeza safu mbili: alikunywa au hakunywa, na saa ngapi. Baada ya siku 7 zilionekana jioni 5 za kunywa. Namba hiyo ilituokoa baadaye, maana mwezi wa pili mke alikuwa na hakika kwamba hakuna kilichobadilika.

Wiki hiyohiyo uliza maswali ya usalama. Mtu anayekunywa kila siku, ambaye asubuhi mikono inatetemeka na jasho linamtoka mpaka anywe, au aliyewahi kupata degedege au kuona vitu visivyokuwepo alipokosa pombe, asiambiwe aache ghafla nyumbani. Kuacha ghafla kunaweza kumuua. Mpeleke kwanza hospitali, akapunguziwe chini ya uangalizi wa daktari. Vivyo hivyo, ukisikia mpango wa kujiua au kuna mtu anayepigwa nyumbani, uchambuzi unasubiri, usalama unatangulia. Huyu dereva hakuwa na dalili hizo, na mkewe, niliyezungumza naye peke yake, alisema hajawahi kumwinulia mkono.

Hatua ya tatu: chukua siku moja, uipasue kama muwa

Hii ndiyo hatua yenye utajiri kuliko zote, na ndiyo wanasihi wengi wanaipitia haraka. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha tiba yake mwaka 1993 kutoka Seattle kwa ajili ya watu waliokuwa wakijidhuru na kutaka kujiua, aliifanya kuwa kazi ya kawaida ya kila kikao: mnachukua tukio moja, la siku moja, mnalipitia kiungo kwa kiungo. Mimi huwaambia wateja tunautazama muwa pingili kwa pingili. Usikubali "huwa nafanya hivi". Uliza siku gani.

Tulichukua Jumanne. Usiku wa kuamkia siku hiyo mtoto alikuwa na homa, hivyo baba hakulala. Alitoka bila kula. Saa nne asubuhi alipata pancha, akapoteza saa nzima na pesa ya kuziba. Mchana mvua ikanyesha. Saa kumi na mbili jioni, mafuta yakiwa yameshatolewa, mfukoni alikuwa na 6,000. Mambo hayo hayakumtuma grosari, ila yaliilainisha ardhi. Yaandike kando: usingizi, njaa, maradhi, deni, ugomvi wa jana.

Kisha mtafute kichochezi. Nanukuu mazungumzo kama nilivyoyaandika, kwa sababu namna ya kuuliza ndiyo kazi yenyewe.

"Kilichofuata ni nini?"

"Bosi alipiga. Saa moja na nusu. Nikaenda kunywa, mama."

"Subiri, baba. Simu inalia, wewe umesimama au umekaa?"

"Nimekaa juu ya pikipiki. Pale kijiweni. Taa nimezima."

"Simu iko wapi?"

"Hapa." Akagusa mfuko wa shati. "Inanitetemekea juu ya moyo."

"Ukawaza nini?"

"Ataichukua pikipiki. Nimebakiza miezi minne iwe yangu."

"Ikanyamaza?"

"Ikinyamaza ndiyo mbaya zaidi. Najua itarudi. Ilipolia mara ya tatu nikaizima."

"Ulipoizima, moyo ukawaje?"

"Ukapoa kidogo."

"Kabla hujanywa?"

Alikaa kimya muda mrefu, akaangalia sakafu. "Kabla sijanywa," akasema.

Yeye mwenyewe hakuwa anajua hilo. Miaka miwili alikuwa akiamini anakunywa kwa sababu anapenda pombe, na kila aliyemshauri aliamini hivyohivyo. Kumbe nafuu ya kwanza ilikuwa kwenye kitufe cha kuzimia simu, na kichupa kilikuja kuilinda nafuu hiyo mpaka usingizi umchukue.

Malizia kwa matokeo, na utenganishe ya papo hapo na ya baadaye. Papo hapo: bosi hasikiki, kifua kinalegea, usiku unapita. Baadaye: hesabu imepungua zaidi kwa sababu kichupa kimenunuliwa kwa pesa ileile, bosi asubuhi ana hasira mara mbili, mke hasemi naye. Ndugu huwa wanamshangaa mtu kwamba haoni hasara. Anaiona. Ila hasara inafika asubuhi, nafuu inafika ndani ya dakika moja, na mwili unajifunza kutoka kwa kile kinachowahi.

Nina kanuni moja kwa mnasihi hapa: usitoe ushauri hata mmoja katikati ya pingili. Ukishauri, mteja ataanza kukupa pingili unazotaka kusikia.

Hatua ya nne: tendo hili linafanya kazi gani? Kisie, kisha ujaribu kisio lako

Kazi za matendo si nyingi. Mtu anafanya ili akimbie kitu kinachouma au kinachotisha. Ili apate kitu, kama pesa, chakula au nafasi. Ili watu wamwangalie au wamkubali. Au kwa sababu mwili wenyewe unapata raha au utulivu. Tendo moja linaweza kuwa na kazi mbili, na watu wawili wanaofanya tendo lilelile wanaweza kuwa na kazi tofauti kabisa. Kijana anayejikata huenda anazima maumivu ya ndani. Mwingine anajikata kwa sababu hiyo ndiyo lugha pekee ambayo nyumbani kwao huitikiwa. Huwezi kuwapa wote dawa moja.

Kisio letu lilikuwa: anakimbia simu ya bosi na aibu inayokuja nayo. Tukalirudia daftari kulipima. Jumapili ilikuwa siku yake mwenyewe, bila hesabu. Jumapili ana pesa, ana muda, marafiki wako kijiweni. Kama ni hamu ya pombe, Jumapili ndiyo ingekuwa siku yake. Hakunywa Jumapili. Ijumaa alipata hesabu kamili kufikia saa kumi na moja, na Ijumaa hakunywa. Zile jioni 5 zote hesabu ilikuwa pungufu. Ushahidi wa namna hii haupatikani kwa kumuuliza mtu "kwa nini unakunywa?" Ukimuuliza hivyo atakupa sababu aliyofundishwa na watu.

Kama daftari lingekataa, tungelitupa kisio na kuanza upya. Wapo madereva niliowaona ambao kwao kilevi kilikuwa tiketi ya kukaa na wenzao, na kwao njia niliyoieleza hapa chini isingefaa kitu.

Hatua ya tano: chagua mbadala unaofanya kazi ileile

Hapa nilikosea mwanzoni. Nilimwambia apite njia nyingine isiyo na grosari na anunue soda. Alijitahidi siku 3. Siku ya nne simu ililia, akageuza pikipiki. Soda ilichukua nafasi ya kichupa mdomoni, lakini haikufanya lolote kuhusu bosi. Nilikuwa nimempa mtoto wa Carr na Durand sentensi isiyo yake.

Tangu hapo kila mbadala naupima kwa maswali haya. Je, unaleta nafuu ya aina ileile? Unaileta mapema kama tendo la zamani, au karibu hapo? Ni mwepesi, kwa nguvu na kwa pesa, kuliko lile la zamani? Anaweza kuufanya palepale pingili inapokatika, akiwa juu ya pikipiki, gizani, na hofu imempanda? Mbadala mzuri unaodai mtu awe ametulia kwanza si mbadala. Ushauri wa "vuta pumzi, usali, nenda nyumbani" unaweza kuwa mwema, lakini simu bado iko mfukoni.

Kinachotisha ni simu ya bosi isiyojulikana itakuja lini na itasema nini. Basi mbadala ukawa: saa kumi na mbili kamili, kwenye kituo cha mafuta, anahesabu pesa, zikiwa pungufu anampigia bosi yeye, kabla hajapigiwa. Maneno tuliyaandika nyuma ya daftari: "Shikamoo bosi. Leo nina elfu sita, nilipata pancha na mvua. Nakutumia hizi sasa hivi. Elfu nne nitaziongeza Alhamisi." Nafuu inakuja akishakata simu, na baada ya hapo hakuna tena simu ya kuogopa usiku huo. Tena simu ikiwa sikioni huwezi kuwa unaizima, jambo lililonikumbusha njia ya wanasaikolojia Azrin na Nunn ya mwaka 1973 kwa watu wenye mazoea kama kuuma kucha: walichagua tendo ambalo mwili hauwezi kulifanya sambamba na la zamani, kama kukunja ngumi.

Angalia pingili iliyokatwa. Saa moja na nusu hofu imeshajaa. Saa kumi na mbili bado ina nafasi. Kata mapema kadiri uwezavyo.

Hatua ya sita: fanyeni mazoezi chumbani, kwa vipande

Kuambiwa na kuweza ni vitu viwili. Nilipomwomba aiseme sentensi ile mbele yangu, sauti ilikwama kwenye "leo nina". Mtu huyu anapita kati ya malori barabarani kila siku, lakini maneno manne yalimshinda. Basi tukapunguza. Wiki ya kwanza alituma ujumbe wa maandishi tu. Wiki ya pili, ujumbe wa sauti. Wiki ya tatu ndipo akapiga. Kila kipande kilipofanyika tulikitambua kwa kukitaja wazi: siku gani, saa ngapi, alisema nini, moyo ulifanyaje baadaye.

Chumbani mimi nilikuwa bosi. Nilianza kama bosi mpole, nikaongeza ukali kidogo kidogo, kwa ruhusa yake, mpaka nikawa bosi anayefoka na kutishia kuichukua pikipiki. Alijifunza kuongeza sentensi moja tu: "Nimekusikia bosi, hizo elfu sita zinakuja sasa hivi." Tuliirudia mara nyingi, tukabadilishana nafasi, tukairudia tena. Mnasihi anayeona aibu kuigiza aizoee tu. Bila zoezi hili hatua ya tano inabaki maandishi.

Hatua ya saba: hakikisha dunia inaupokea mbadala

Mbadala unaoadhibiwa hufa. Kama angepiga mapema na bosi akamtukana kuliko siku anazozima simu, tungekuwa tumemfundisha kuzima simu vizuri zaidi. Kwa hiyo, kwa idhini yake na yeye akiwepo, tulizungumza na bosi. Hatukuzungumzia pombe hata kidogo. Hiyo ni siri ya mteja. Tulizungumzia hesabu. Bosi naye alikuwa na hofu yake: simu ikizimwa, anadhani pikipiki imeibwa au imeuzwa. Alikubali kwamba akipigiwa kabla ya saa moja, upungufu usiozidi elfu nne unaweza kulipwa ndani ya wiki bila maneno.

Si kila bosi anakubali. Akikataa, tafuta sehemu nyingine ya nafuu: labda kuweka akiba ya elfu moja kila Jumapili kwa ajili ya siku za mvua, labda kutafuta bosi mwingine. Lakini usimpeleke mteja kwenye mlango uliofungwa ukamwita mzembe akirudi.

Kwa mke, ombi lilikuwa dogo. Alikuwa akimnusa mdomo mlangoni kila siku, hata siku alizorudi salama, na mume akaona hakuna faida ya kurudi salama. Tulimwomba siku hizo amwulize tu, "Leo umempigia bosi?" Nilimweleza waziwazi pia kwamba yeye si mlinzi wa mumewe na asijilaumu akianguka.

Fanya na tendo la zamani liwe zito kidogo. Akishatuma elfu sita, mfukoni hakuna pesa ya kichupa. Hilo lilitokea lenyewe, na lilisaidia kuliko nasaha zangu.

Hatua ya nane: soma daftari, tarajia kurudi nyuma

Jioni za kunywa zilikwenda hivi kwa wiki: 5, 4, 2, 2, 4, 1. Ile 4 ya wiki ya tano ilikuwa wiki ya ada ya shule. Mwonye mteja na familia mapema kwamba hali inaweza kupanda kabla ya kutulia, hasa tendo la zamani linapoacha kulipa kama zamani, ili wasiseme "nilijua tu". Siku ya kuanguka ipasueni kama mlivyoipasua ile Jumanne, bila kuongeza hukumu. Mazoea yana taabu, na wiki mbaya mara nyingi inakuonyesha pingili ambayo hamkuwa mmeiona.

Wiki zikituama, tanueni nafasi ya vikao: wiki mbili, kisha mwezi. Mwachie mteja kazi ya kupasua mwenyewe. Katika kikao cha mwezi wa nne alikuja na daftari, akafungua ukurasa mmoja kabla sijauliza. Alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mwekundu: "Jumatano. Sijala tangu asubuhi. Pungufu elfu tatu. Sikupiga mapema. Bosi kapiga mara ya kwanza sikupokea. Mara ya pili nikapokea, nikasema. Sikwenda." Chini yake aliongeza mstari mwingine, akaupigia mstari: "Pa kukata: nile mchana." Tulitumia kikao kizima tukitafuta mama ntilie aliye karibu na kijiwe anayekubali kulipwa jioni.